Februari 12 kwa Lincoln

Sisi Watanzania tunaoishi Maryland hatuko mbali na Washington. Kila Februari 12, siku aliyozaliwa Rais Abraham Lincoln wa Marekani mwaka 1809, mashada ya maua huwekwa kwenye jumba lake la ukumbusho jijini Washington, na hakuna kiingilio. Baridi ni kali. Vaa koti zito.

Ndani, Lincoln wa marumaru ameketi, urefu wake karibu mita 6. Tazama mikono yake: wa kushoto umekunja ngumi, wa kulia umelegea juu ya kiti. Kisha husomwa hotuba yake ya Gettysburg ya mwaka 1863, maneno kama 270 tu, iliyochongwa pia ukutani. Mimi huingoja hiyo. Mtu aliyezaliwa kwenye kibanda cha magogo huko Kentucky anasema binadamu wote ni sawa, na kati ya wanaosikiliza wamo ambao mababu zao walikuwa watumwa.

Lakini jumba hilo lilipozinduliwa mwaka 1922, watu weusi walitengewa viti vyao, mbali na weupe. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana huwaonyesha wanangu, pale kwenye ngazi, mahali aliposimama Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, akihutubia mwaka 1963, palipochongwa maandishi. Nawe ukifika, usipapite.