Figo mpya haiondoi hatari ya kiharusi

Mkazi anaporudi kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, akiwa amepandikizwa figo, nyumbani huwa ni shangwe. Harambee imezaa matunda, na zile safari za kwenda kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki zimekwisha. Hapo ndipo baadhi ya familia hulegeza kamba. Dawa za presha zinaachwa kwa kuwa "figo sasa ni nzima", na chumvi inarudi mezani.

Ni kweli kwamba aliyepandikizwa figo ana hatari ndogo ya kupata kiharusi kuliko anayeendelea kusafishwa damu kwa mashine. Hata hivyo, hatari yake bado ni kubwa kuliko ya mtu wa rika lake ambaye figo zake hazijawahi kufeli.

Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa sababu mshipa umezibwa na donge la damu, ama umepasuka. Presha na kisukari, ambazo ni miongoni mwa sababu kuu za figo kufeli, huharibu pia mishipa ya ubongo. Miaka ya kuishi na figo mbovu huifanya mishipa kuwa migumu, na upasuaji haufuti uharibifu huo.

Halafu kuna dawa zenyewe. Takrolimasi na saiklosporini, zinazozuia mwili kuishambulia figo ya mtu mwingine, zinaweza kupandisha presha. Prednisoloni huongeza sukari, uzito na presha pia. Wapo wanaopata kisukari kwa mara ya kwanza baada ya kupandikizwa figo. Tusieleweke vibaya: dawa hizi haziachwi. Ukiziacha utaipoteza figo, na figo mpya ikifeli hatari ya kiharusi hupanda tena. Kinachotakiwa ni kupima, ili daktari abadilishe kipimo cha dawa au aongeze nyingine.

Upasuaji hufanyika mbali, lakini presha inapanda hapa nyumbani, kati ya kliniki moja na nyingine. Mwongozo wa kimataifa unaotumiwa na madaktari wa figo unataka presha ya mtu aliyepandikizwa iwe chini ya 130/80. Wahudumu wa afya ya jamii walikabidhiwa mwaka wa 2023 mikoba yenye mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari, kwa hivyo huhitaji kusafiri kila mara ili kujua hali yako. Keti dakika 5 ukiwa umeegemea, miguu yote sakafuni, na mkono ukiwa umewekwa mezani usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Kama bado una mshipa uliotengenezwa mkononi kwa ajili ya kusafishwa damu, mwambie anayekupima atumie mkono ule mwingine. Jambo hili husahaulika sana, na mkanda unaobana unaweza kuuharibu mshipa huo. Andika kila kipimo kwenye daftari na ulibebe kliniki. Ukiona presha iko juu siku kadhaa mfululizo, usingoje tarehe yako ya kliniki.

Duka la dawa nalo lina mitego yake. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua kwa ajili ya mgongo au magoti, zinaweza kupandisha presha na kuiumiza figo. Dawa ya bakteria iitwayo erithromaisini huongeza kiasi cha takrolimasi katika damu. Rifampisini ya kifua kikuu hukipunguza. Mitishamba isiyojulikana ina hatari kama hizo. Mwambie muuzaji kwamba umepandikizwa figo kabla hajafungua kabati.

Familia ijue dalili. Uso unapinda upande mmoja, mkono au mguu unaishiwa nguvu, maneno yanakuwa mazito au hayaeleweki. Wengine hupoteza uwezo wa kuona ghafla, au kuumwa na kichwa kuliko walivyowahi kuumwa. Ikitokea moja tu kati ya hizi, nenda hospitali, hata kama imepotea baada ya dakika chache. Wapo wanaosema ni upepo mbaya au mkono wa jirani, wakaanza kwa mganga. Muda huo ndio unaohitajika hospitalini: dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni baada tu ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba mshipa haujapasuka. Ndiyo maana asipewe aspirini nyumbani. Asipewe chakula wala maji pia, kwani anaweza kupaliwa.

Kumbukeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Bebeni dawa zake zote, na mkifika mapokezi semeni mara moja kwamba amepandikizwa figo, kwa sababu rangi inayodungwa wakati wa baadhi ya picha inaweza kuathiri figo. Na kwa kuwa dawa zake hupunguza kinga ya mwili, kuumwa na kichwa pamoja na homa na kuchanganyikiwa kunaweza kuwa ni maambukizi katika utando wa ubongo. Hiyo pia ni dharura.

Kama humjui mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, uliza katika zahanati iliyo karibu. Mjulishe kwamba kwenu kuna aliyepandikizwa figo, ili amwingize katika orodha ya nyumba anazozitembelea.