Wasomi wanne na makelele yao: albamu za kwanza za Queen

Kila mara nikiweka Queen kwa simu, rafiki yangu mmoja wa promosheni ananiuliza: "We agronome muzima, unapenda nini mu hii makelele?" Halafu anaongeza wimbo wake wa siku zote: miaka ya univ ilipotea bure, diplome ni karatasi tu. Leo namujibu yote mawili pamoja, juu naona jibu ni moja.

Wengi wetu tunajua Queen kwa zile nyimbo za kuimbwa uwanjani. Lakini albamu zao za kwanza, kati ya 1973 na 1975, zina roki nzito ya kweli: gitare zenye kunguruma, ngoma za nguvu, mwendo wa kasi. Tena mwimbaji wao ni mtoto wa Afrika Mashariki. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi, na sehemu ya utoto wake alisoma India. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, familia ilikimbilia Uingereza na kuanza upya pembeni ya London. Sisi wa Goma hatuna haja ya kuelezwa maana ya kufunga mizigo na kuanza upya kwa watu. Huko ndiko Farrokh alikuja kujiita Freddie Mercury.

Sasa angalieni hao wanne walisoma nini. Freddie alimaliza sanaa ya michoro mwaka 1969. Brian May, mpiga gitare, alisoma fizikia, akaanza udaktari wa elimu ya nyota. Roger Taylor, mpiga ngoma, alianza masomo ya meno, akahamia biolojia. John Deacon, mpiga besi, alimaliza elektroniki mwaka 1971, ule mwaka wenye aliingia kwenye kikundi. Hakuna hata mmoja aliyesomea muziki univ. Je, masomo yao yalipotea? Sikilizeni albamu zenyewe.

Ya kwanza, yenye inaitwa Queen tu, ilitoka Julai 1973. Hawakuwa na pesa za kukodi studio, kwa hiyo walirekodi Trident, pale London, saa zenye wateja wa kulipa hawakuwepo, mara nyingi usiku. Ilipotoka haikuuzwa sana. Lakini ile gitare tayari inajitambulisha. Brian aliianza na baba yake mwaka 1963, akiwa na miaka 16. Shingo yake ilichongwa katika ubao wa zamani wa juu ya meko, springi zilitoka kwa pikipiki ya zamani, na vidoti vya shingoni ni vifungo vya kushonea vya mama yake. Walipima, wakajaribu, wakarudia, kama miaka miwili hivi. Hiyo ni fizikia yenye imetoka kwa daftari.

Ya pili, Queen II, ni ya Machi 1974, na ndiyo ninaipenda zaidi. Upande mmoja wa sahani uliitwa mweupe, mwingine mweusi. Ule mweupe ni kazi ya Brian, pamoja na wimbo mmoja wa Roger. Mweusi wote ni wa Freddie. Kwa kuuelewa, fikiria rumba yetu: kuna solo, kuna mi-solo, kuna akompanyema, kila mutu na gitare yake, na zote zinasemezana. Brian anafanya ile kazi yote peke yake: anarekodi gitare moja, anaweka nyingine juu yake, halafu nyingine tena, mpaka inakuwa orkestre nzima. Na sauti za kuimba wanazipanga vilevile. Kwenye majalada ya zile albamu za kwanza waliandika kabisa kwamba hakuna sintesaiza iliyopigwa, juu batu wangedhani ni mashine.

Ya tatu, Sheer Heart Attack, ni ya Novemba 1974. Mule ndani muko "Stone Cold Crazy", wimbo wa kasi na wa kutisha, wenye Metallica waliurekodi tena mwaka 1990. Brian aliugua hepatitisi mwaka huohuo, akalala hospitali, na kazi ikaendelea bila yeye. Alipopona akaongeza sehemu zake.

Ya nne, A Night at the Opera, ni ya 1975. Sikiliza "Good Company". Utasikia kama tarumbeta na klarineti za jazi, kumbe ni gitare tu! Inapita kwa kaamplifaya kadogo kenye John alikatengeneza na saketi aliyoiokota kwenye takataka, na kanatumia pile. Wewe wa Goma mwenye unajua umeme kukatika, niambie kama hicho si kitu cha kuheshimu.

Rafiki yangu, jibu ndilo hilo. Sikudanganyi kwamba diplome inaleta kazi. Mimi na wewe tunajua foleni yenye tumepanga. Wala sisemi kila msomi atakuwa nyota. Lakini ulichojifunza si ile karatasi. Ni ile tabia ya kupima, kubadilisha kitu kimoja kwa mara moja, kuandika matokeo na kurudia. Brian aliacha tezi yake kati ya 1974, akaimaliza mwaka 2007. Hakuitupa. Freddie alichora mwenyewe nembo ya kikundi: simba wawili, kaa mmoja na vichimbakazi wawili, kufuatana na nyota za kuzaliwa za wote wanne. Shule iliingia mule kwa mlango mwingine.

Kama unataka kujaribu, anza na Queen II, upande mweusi, na ekuta masikioni, usiku kukiwa kimya. Mara ya kwanza utasikia makelele. Mara ya tatu utaanza kuhesabu gitare.