Kupima ili Kufundisha

Mtihani wa mwisho humwonyesha mwalimu ni nani aliyeshindwa, lakini wakati wa kumsaidia umekwisha kupita. Upimaji unaojenga hufanyika somo lingali likiendelea.

Njia hii si ngeni pwani. Katika vyuo vya Kurani vya desturi, kama Jadida na kwingineko Pemba, mwanafunzi aliandika aya ubaoni, akamsomea mwalimu, akasahihishwa papo hapo. Ubao haukufutwa kabla hajaihifadhi.

Luther naye, baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia mwaka 1528 kufichua ujinga mkubwa wa imani, alitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529. Alichokiona kilimfanya afundishe upya.

Azimio la Musoma la 1974 lilipinga kutegemea mno mtihani wa mwisho. Hata hivyo, alama za kila muhula zisizofuatwa na masahihisho hubaki kuwa hukumu tu.

Basi tuulize katikati ya somo swali la Katekisimu: maana yake nini? Mwanafunzi ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Tusikilize anapokosea, tufundishe tena, kisha tuulize tena. Kosa lisilosahihishwa darasani litapanda mimbarani, na usharika mzima utalipokea kuwa ni mafundisho.