Umelipa ada, mfumo unasema unadaiwa: Huenda tatizo ni folda

Nyegezi, Mwanza. Mitihani ikikaribia kwenye eneo la vyuo kama hili, malalamiko ni yaleyale: risiti ya benki iko mkononi, lakini akaunti ya mwanafunzi chuoni inasomeka anadaiwa. Jibu la haraka dirishani ni “mtandao unasumbua”. Wakati mwingine mtandao wala hauhusiki.

Kuna mifumo inayofanya kazi hivi: benki inaweka faili la malipo ya siku kwenye folda ya seva, na programu ya chuo iliyoandikwa kwa Java inalisubiri. Likifika, inalisoma na kufuta deni.

Zamani programu ilikuwa inachungulia folda kila baada ya muda fulani. Java 7, iliyotoka Julai 2011, ilileta WatchService. Kwenye seva za Linux, mfumo endeshi wenyewe ndio unaotoa taarifa kwamba kuna faili jipya. Ni kama konda kukuamsha mkifika stendi ya Nyegezi, badala ya wewe kuchungulia dirishani kila kituo.

Shida ni kwamba taarifa hutoka faili linapoanza kuonekana, si linapokamilika. Chukulia faili lina malipo 5,000 na linapanda taratibu. Programu ikiwahi, inaweza kusoma 1,200 tu na kuendelea na shughuli nyingine. Wale 3,800 waliobaki wamelipa, ila mfumo hauwatambui.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Faili litumwe kwa jina la muda, mfano malipo.tmp, na likishakamilika ndipo libadilishwe kuwa malipo.csv. Programu iguse .csv peke yake.

Halafu kuna umeme. WatchService haitaji mafaili yaliyoingia wakati programu imezimwa. Kwa hiyo seva ikiwaka, programu ianze kwa kukagua folda nzima. Vilevile, baada ya kila taarifa lazima iite reset(), la sivyo hazitakuja nyingine, na hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini. Na kama folda iko kwenye mashine nyingine kupitia mtandao wa ndani, Linux haioni kinachowekwa kutoka huko. Hapo ni kurudi kwenye kuchungulia.

Kosa la kinyume nalo lipo. Programu ya tovuti ikisasishwa bila kuzima mlinzi wa zamani, walinzi wanakuwa wawili na malipo yanaweza kuingia mara mbili. Ndiyo maana faili lililosomwa huhamishiwa folda nyingine, na namba ya muamala hukaguliwa kabla ya kuingizwa.

Kwa mwanafunzi aliyekwama, swali la kupeleka ofisi ya fedha, pamoja na risiti, ni hili: faili la benki la siku niliyolipa lilisomwa lote?