Kurudisha Breki na Vitovu vya Magurudumu ya Mbele katika Land Rover ya Zamani

Ndugu mkulima,

Huenda katika ua wako, au katika ua wa jirani yako, limesimama gari la Land Rover la miaka ya zamani. Gari la namna hii lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948, nalo liliundwa Uingereza kwa ajili ya kazi za shamba: kuvuta, kuchukua mizigo, na kupita penye matope. Lile liitwalo Series II lilianza mwaka 1958, Series IIA likafuata mwaka 1961, na Series III likaundwa tangu 1971 hata 1985. Kwa hiyo hata lililo changa kati ya hayo si changa tena. Lakini lina nguvu, na kila chombo chake hufunguka kwa spana za kawaida, na ndiyo sababu wakulima hulipenda.

Basi, katika urahisi huo mna hatari. Kufungua ni kazi ya mtu yeyote mwenye spana. Kufunga ndiko kunakotaka fundi. Ajali nyingi huonekana barabarani, lakini zilizaliwa uani, siku ile gari lilipofungwa.

Siandiki haya kwa kusikia tu. Yapata miaka kumi na mitano iliyopita nalifunga mwenyewe gurudumu la mbele la kushoto la gari langu. Sili ya zamani nalirudisha ileile, kwa kuwa niliona ni hasara kununua mpya. Nati ya kitovu nikaikaza kwa nguvu zangu zote, tena nikatia bomba refu katika mkono wa spana, nikidhani kwamba kitu kilichokazwa sana ndicho kilicho salama. Kesho yake nikapakia kabichi na viazi, nikaanza kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Wanaoijua barabara ile wanajua kwamba ni mwendo wa karibu kilomita 30, mteremko na kona tupu, bonde upande mmoja na mlima upande wa pili. Kabla sijafika nusu ya njia nikasikia harufu ya grisi inayoungua. Kwenye kona iliyofuata nikakanyaga breki, na gari likaruka upande wa kulia. Breki ya kushoto haikushika, kwa maana grisi iliyeyuka kwa moto wa beringi iliyokazwa mno, ikapita katika sili iliyochoka, ikalowesha viatu vya breki. Upande ule wa kulia walikuwa wanawake watatu wakipanda na mizigo ya majani ya ng'ombe, na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Walitupa mizigo wakarukia ukingoni. Gari lilisimama juu ya majani yao. Hakuumia mtu, lakini tangu siku ile sijafunga gurudumu kwa haraka.

Kwa hiyo nakuomba uyafuate haya kwa utaratibu.

1. KABLA YA KUANZA

Simamisha gari mahali palipo sawa na pagumu. Zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo au mawe makubwa, mbele na nyuma yake. Usitegemee breki ya mkono peke yake, kwa maana katika gari hili haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti itokayo nyuma ya gia kwenda ekseli ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuka, breki hiyo haizuii tena. Inua mbele kwa jeki, kisha weka stendi imara chini ya ekseli. Matofali hupasuka ghafula, na jeki hushuka. Usitie mwili wako chini ya kitu kinachoshikwa na jeki tu.

Tandika gunia safi, na juu yake panga kila chombo kwa taratibu ile kilivyotoka. Vya kulia vikae kulia na vya kushoto kushoto. Anayepanga vizuri wakati wa kufungua amekwisha fanya nusu ya kazi ya kufunga.

Vumbi lililo ndani ya ngoma ya breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Viatu vingi vya zamani vilitiwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Uingereza yenyewe ilikataza matumizi yake yaliyobaki mwaka 1999. Lowesha vumbi kwa maji, lifute kwa kitambaa kibichi, ukitie kitambaa hicho katika mfuko na kukifukia mbali na watoto na mifugo.

2. KUVITAZAMA VYOMBO

Osha beringi kwa mafuta ya taa, uziache zikauke. Kila kitovu kina beringi mbili zenye rola zilizolala mshazari, ya ndani na ya nje, na kila moja ina kikombe chake ndani ya kitovu. Zungusha rola moja moja ukizitazama juani. Ukiona vishimo, au mistari, au rangi ya samawati iliyoletwa na moto, beringi hiyo haifai. Tena ukibadili beringi, badili na kikombe chake, maana hivyo viwili vimezoeana kama jiwe la kusagia na mtwango wake; kipya hakikai vema juu ya kikuukuu.

Tazama na pete ya chuma iliyo kwenye shina la ekseli, pale sili inaposugua. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama katika mfereji, hata sili mpya itavuja, kwa hiyo pete nayo ibadiliwe. Wengi hulisahau jambo hili, kisha huilaumu sili.

3. BREKI KWANZA

Gari fupi la inchi 88 la Series II na IIA lina ngoma za inchi 10, na silinda moja kwa kila gurudumu la mbele. Gari refu la inchi 109 lina ngoma za inchi 11 mbele, na silinda mbili kwa kila gurudumu. Lolote ulilo nalo, kanuni ni moja.

Fungua silinda uitazame ndani. Ikiwa ina kutu au vishimo, nunua mpya. Ikiwa laini, tia mipira mipya, ukiipaka mafuta safi ya breki, na midomo ya mipira ielekee mafuta yanakotoka. Usioshe mipira hiyo kwa petroli, dizeli wala mafuta ya injini; mpira utavimba na breki zitakwama au zitakufa. Mafuta ya breki yenyewe yawe ya chupa iliyofunguliwa siku ileile, kwa kuwa hunywa maji kutoka hewani kama chumvi iliyoachwa wazi, na mafuta yenye maji huchemka katika mteremko mrefu.

Viatu hubadiliwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa mara moja. Ukibadili upande mmoja, gari litavuta upande mmoja. Kiatu kilicholowa grisi usikichome moto wala usikisugue kwa msasa ukidhani kimepona. Grisi imekwisha ingia ndani, nayo itatoka tena kikipata joto. Kabla ya kuvirudisha viatu, osha mikono kwa sabuni. Kila springi irudi katika tundu ililotoka. Paka grisi kidogo sana mahali kiatu kinaposugua bamba la nyuma, wala isifike usoni pa kiatu.

4. KITOVU

Ukitia kikombe kipya cha beringi ndani ya kitovu, kipige pole pole kwa kipande cha shaba, ukizunguka pande zote, ili kishuke sawasawa. Sauti ya nyundo itabadilika kikifika mwisho. Mdomo mpana wa kila kikombe hutazama nje ya kitovu.

Sasa weka grisi kiganjani mwako, uibonyeze beringi juu yake mpaka grisi itokeze upande wa pili katikati ya rola. Zungusha, ufanye hivyo tena hata beringi yote ishibe. Lakini usiujaze grisi uwazi wote wa kitovu. Grisi hupanuka ikipata joto, na iliyozidi hutafuta njia ya kutoka, na njia yake ya karibu ni kwenye breki. Weka beringi ya ndani, kisha sili mpya, mdomo wake wenye springi ukitazama grisi. Ikiwekwa kinyume, haizuii kitu.

Inua kitovu kwa mikono miwili, ukiingize katika shina la ekseli kimenyooka, kisilemee sili. Kisha beringi ya nje, washa yenye ulimi, na nati ya kwanza.

5. UNENE WA KARATASI MOJA

Hapa, ndugu, ndipo nilipokosa mimi. Kaza nati ya kwanza huku ukizungusha kitovu kwa mkono wa pili, ili rola zikae mahali pake. Kikianza kuwa kizito, legeza nati. Halafu ikaze tena kidogo kidogo, mpaka kitovu kizunguke chepesi, na ukikishika na kukivuta nje na ndani, usikie mchezo mdogo mno. Kwa magari ya Series II na IIA mchezo huo ni milimita 0.10 hata 0.15; karatasi moja ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.10. Mafundi hupima kwa saa ya kupimia, nawe ukiweza kuiazima gereji, iazime.

Mkulima anajua jambo hili kwa njia nyingine. Gurudumu la mkokoteni lililobanwa na mhimili wake huunguza mti na kuchosha ng'ombe. Lililolegea huyumba hata likavunjika. Chuma nacho hupanuka kwa joto, na mchezo ule mdogo ndio nafasi yake ya kupumua.

Kisha weka washa mpya ya kufungia, na nati ya pili. Ikaze, halafu pima tena, kwa maana nati ya pili huisukuma ya kwanza na kuupunguza mchezo. Ukiridhika, kunja ukingo mmoja wa washa juu ya nati ya ndani na ukingo mwingine juu ya nati ya nje. Washa iliyokwisha kunjwa siku nyingine usiirudishe, kwa kuwa chuma kilichokunjwa mara mbili hukatika, na nati ikifunguka njiani gurudumu hutoka. Na nati hizi hukazwa kwa spana yake ya bomba, si kwa patasi na nyundo.

6. KUMALIZA

Weka karatasi mpya ya kuzuia mafuta, kisha flenji na bolti zake sita. Kaza kwa kupishana. Gari lenye nati na splitipini kwenye ncha ya shafti lirudishiwe splitipini mpya. Vika ngoma juu ya kitovu na ufunge skrubu zake.

Nyuma ya bamba la breki kuna kichwa cha bolti ya kurekebishia viatu. Kizungushe mpaka kiatu kiguse ngoma, kisha kirudishe kidogo mpaka ngoma izunguke bila kukwama. Halafu toa hewa katika mabomba, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu na kumaliza na lililo karibu. Mtu mmoja akanyage, mwingine afungue niple, na mtu wa kukanyaga asiinue mguu kabla niple haijafungwa. Chungeni mafuta yasikauke katika kopo lake. Kanyagio likiwa kama sponji, bado mna hewa.

Rudisha gurudumu, ukikaza nati zake tano kwa kuvuka upande hadi upande. Jaribu gari uani, halafu mahali pa sawa, pasipo na watu wala mzigo, kwa mwendo mdogo. Baada ya kilomita chache simama, uguse kila kitovu kwa nyuma ya mkono. Kikiwa vuguvugu, vema. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, usiendelee, kifungue ukirekebishe. Siku ya pili kaza tena nati za magurudumu.

Na hata breki zikiwa njema, ushukapo mlima mrefu tia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ikusaidie kulizuia gari.

Sili mpya na washa mpya ni gharama ndogo kuliko gunia moja la viazi. Mimi nilizikwepa, na malipo yangekuwa wanawake watatu na mtoto mmoja wasio na habari ya sili wala nati, waliokuwa wakiwapelekea ng'ombe wao majani. Barabara unayoshuka wewe ndiyo wanayopanda wenzako. Funga gurudumu lako ukiwakumbuka.

Ni mimi ndugu yako,
Bwana Shamba