Ubao Uliotundikwa Ukutani

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo ndiyo iliyonijia siku nilipoingia nyumbani kwa dada yangu, katika majumba ya Michenzani hapa mjini, nikakuta kwamba pale palipokuwa na saa ya ukutani pametundikwa ubao mrefu, mwembamba, uliopinda ncha zake mbili, uliopasuka ubavuni na kuchubuka rangi kana kwamba umeburutwa juu ya mawe. Dada yangu hakungoja hata nikae. "Kaka," akaniambia, "nitazamie mwanao huyu. Amesafiri kutoka Uingereza na taka za barabarani, kisha ametoboa ukuta ili azitundike. Watu wakija kunijulia hali niwaambie nini?"

Mpwa wangu akatoka chumbani, akaniamkia kwa adabu, kisha akasimama kando ya ubao wake kama mtu anayemsindikiza mgeni. Nami, kwa kuwa niliitwa niwe hakimu, nikaona ni haki nimsikilize mshitakiwa kabla ya kutoa hukumu.

Kitu chenyewe huitwa skeitibodi, yaani ubao wa kuchezea wenye magurudumu manne chini yake. Mchezaji husimama juu yake, akausukuma kwa mguu mmoja, na akiisha kupata mwendo huruka nao, huuzungusha hewani na kuuteleza juu ya kingo za ngazi na kuta fupi. Huo wa mpwa wangu ulikuwa umekwisha kuvuliwa magurudumu yake, ukabaki ubao mtupu wenye urefu wa sentimita themanini hivi na upana wa sentimita ishirini.

Wasomaji wa visiwani wasidhani kwamba jambo hili halituhusu, kwani asili yake ni bahari. Watu wa visiwa vya Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki, walikuwa tangu zamani wakisimama juu ya mbao na kupanda mawimbi hadi ufukoni. Mwaka 1885 wana watatu wa ukoo wa kifalme wa huko, waliokuwa masomoni California, waliwaonyesha watu wa Santa Cruz mchezo huo kwa mbao walizozichonga kwa miti ya huko huko. Mchezo ukaenea. Ilipofika miaka ya 1950 vijana wa California, ambao bahari iliwanyima mawimbi siku nyingine, walipigilia magurudumu ya viatu vya kutelezea chini ya vipande vya mbao, wakafanya barabara kuwa bahari yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalipatikana magurudumu ya plastiki ngumu iitwayo yurethani, yanayoshika sakafu bila ya kuteleza ovyo, na ukame wa miaka ya 1976 na 1977 ulipoyaacha matupu mabwawa ya kuogelea ya matajiri, vijana wakayageuza kuwa viwanja vyao. Mwaka 2021, katika michezo ya Olimpiki iliyofanyika Tokyo, skeitibodi ilishindaniwa kwa mara ya kwanza.

Ubao huo haukatwi katika mti mmoja. Aghalabu ni tabaka saba nyembamba za mti mgumu wa mepo, zilizogandishwa kwa gundi na kushindiliwa katika kalibu mpaka zikapata mpindo wake. Uso wa juu hubandikwa karatasi ya msasa ili mguu usiteleze. Uso wa chini hupigwa picha. Na hapa ndipo penye ajabu. Picha hiyo huwekwa mahali ambapo lazima itakwaruzwa, kwani kila mchezaji atelezapo juu ya ukingo wa saruji hupoteza kipande cha rangi. Hata hivyo wasanii hodari walijitolea kuichora. Mkono wenye kinywa kinachopiga kelele, uliochorwa na Jim Phillips mwaka 1985, unajulikana leo hata na watu wasiopata kukanyaga ubao maishani mwao.

Kutoka miguuni hadi ukutani safari haikuwa ndefu. Mbao ziliposhindwa kazi, wenyewe waliona haya kuzitupa, wakapitisha kamba katika matundu yake manane ya skrubu, wakazitundika vyumbani. Kisha wakaja wenye fedha. Mwezi Januari 1919 isingewezekana hata kuwaza jambo hilo, lakini mwezi Januari 2019, katika mnada wa Sotheby's, mkusanyiko wa mbao 248 za kampuni ya Supreme uliuzwa kwa dola za Kimarekani 800,000. Nalo jumba la makumbusho ya historia la Smithsonian, mjini Washington, lilipokea mwaka 2013 ubao wa kwanza wa mchezaji mashuhuri Tony Hawk, si kwa sababu ulikuwa mzuri, bali kwa sababu ulitumika.

Nilipomwuliza mpwa wangu kama naye anangojea mnada, alicheka. Alinieleza kwamba alijifunza mchezo huo London, kando ya mto Thames, katika uwazi ulio chini ya majumba ya sanaa ya Southbank, ambapo vijana wamekuwa wakicheza tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 ulitangazwa mpango wa kuugeuza uwazi huo kuwa maduka na mikahawa, na kuwapa wachezaji mahali pengine. Vijana hao, ambao wengi waliwadhania kuwa ni wazururaji tu, waliandika barua, wakakusanya saini, wakapeleka pingamizi zao mbele ya mamlaka ya mipango. Mwezi Septemba 2014 ilikubaliwa kwamba uwazi ule ubaki kuwa wao, na mwaka 2019 sehemu iliyokuwa imefungwa ilifunguliwa tena baada ya kutengenezwa.

"Ubao huu, mjomba," akasema, "ulivunjika chini ya mguu wangu mwaka ule tulipokuwa tukipigania mahali petu. Ndiyo sababu sikuutupa."

Nikaona kwamba mshitakiwa amejitetea vya kutosha. Lakini kabla sijafungua kinywa, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mama alinihadithia juu ya mlango wa babu. Mfaa wake uko wapi? Nimetoboa matundu mengine mawili, juu na chini, nikitaraji kwamba utaniambia ulipo."

Hapana budi niungame mbele ya wasomaji. Nyumba ya babu yetu, iliyokuwa katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, iliporomoka upande wake mmoja katika masika ya mwaka 1996. Katika kifusi kile mlango ulisalia. Mfaa wake, yaani ule mti wa katikati unaokutanisha mbao mbili za mlango, ulikuwa umetiwa nakshi za mnyororo na maua kutoka juu hadi chini, na mikono ya watu wa ukoo wetu ilikuwa imeulainisha mahali pa kushikia. Akaja mnunuzi wa vitu vya kale, akanipa fedha zilizotosha magunia mawili ya mchele, nami nikampa mfaa ule. Sikushurutishwa na mtu. Niliona ni kipande cha mti kilichokwisha kazi yake.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina yangu na mpwa wangu. Yeye alipewa kitu kilichotengenezwa kiwandani, akakithamini kwa sababu ya jasho lake mwenyewe. Mimi nilirithi kazi ya mkono wa fundi, nikaiuza kwa sababu sikuona jasho langu ndani yake. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini sisi tumefanya zaidi ya kuuacha, tumeuuza kwa wapitao, wakautundika katika kuta zao.

Wala isidhaniwe kwamba kutundika vitu ukutani ni desturi ya kigeni. Katika nyumba za kale za Lamu na Pate kuta zilijengwa zidaka, safu juu ya safu, ili sahani na mabakuli ya Kichina yapate mahali pa kuonekana. Sahani hizo zilipachikwa hata katika nguzo za makaburi. Kina mama wetu hutundika kawa na nyungo zenye rangi, na hakuna anayewacheka. Kitu cha matumizi kikipandishwa ukutani hakivuliwi heshima yake, huongezewa nyingine. Kinachopasa kuulizwa ni kimoja tu, nacho ni hiki: nani aliyekitundika, na je, anaijua habari yake?

Kwa upande wa Serikali, misingi imekwisha kuwekwa. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya mambo ya kale mwaka 1983, wakaiweka nyingine mahali pake mwaka 2006. Lakini sheria hulinda vizuri zaidi mlango uliosimama katika fremu yake. Mlango ukianguka, ukatenganishwa miimo, mfaa na kizingiti, kila kipande huwa mali ya kubebwa kwa gari la mkono usiku mmoja. Na tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu wawili wakapoteza maisha, tulikumbushwa kwa uchungu kwamba hata jumba kubwa kuliko yote halimngojei mtu.

Kwa hiyo natoa rai tatu kwa wakubwa wanaohusika. Kwanza, nyumba inapoporomoka, afisa afike mapema pamoja na mpiga picha, vipande vya nakshi viandikwe mbele ya wenyewe, nao wapewe nakala. Pili, kila auzaye kipande cha kale atakiwe kuonyesha kilitoka nyumba gani na kwa ridhaa ya nani. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwenye nyumba asaidiwe chokaa na boriti kabla ya kuhubiriwa juu ya urithi. Kwani mtu ambaye dari yake inavuja hatauona mlango wake kuwa ni sanaa, atauona kuwa ni mchele, kama nilivyouona mimi.

Na kwa wananchi wenzangu walio na kipande cha mlango, cha jahazi au hata tezo ya babu iliyofichwa uvunguni, nasema: kitoeni. Msikipige msasa wala rangi ya mafuta, kifuteni kwa kitambaa kikavu. Msitumie misumari ya kawaida, kwani hewa yetu ya chumvi huila upesi. Tumieni skrubu za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu. Acheni nafasi ya vidole viwili baina yake na ukuta ili hewa ipite na mchwa waonekane mapema. Kiwekeni mbali na jua la dirishani. Kisha, nyuma yake, bandikeni karatasi yenye jina la aliyekichonga ikiwa mnalijua, na la nyumba au chombo kilikotoka. Kisicho na habari yake ni ubao tu.

Dada yangu alikubali ubao wa mwanawe ubaki, kwa sharti kwamba saa irudishwe kando yake. Wageni wanapouliza, yeye mwenyewe ndiye anayewasimulia siku hizi habari za vijana wa London na uwazi wao. Mimi nimepita katika maduka ya vitu vya kale mara nyingi tangu siku ile, nikitazama mifaa iliyogeuzwa kuwa fremu za vioo na miguu ya meza, nikitafuta mnyororo na maua ninayoyajua kwa ncha za vidole. Sijauona bado. Matundu mawili ya mpwa wangu yamebaki matupu, juu na chini, na kila niendapo Michenzani mimi hukaa nikiwa nimeyapa mgongo.