Kibaba cha Damu

Haba na haba hujaza kibaba, husema anayesifu akiba. Katika chumba cha kujifungulia, methali hiyohiyo inatisha. Mtoto ameshalia, ndugu wanapongezana nje, na damu ya mama inachuruzika polepole. Kanga inanyonya kidogo, pamba kidogo, nyingine inaishia sakafuni. Mkunga mwenye wazazi watatu mbele yake anatupa jicho na kukadiria kuwa ni ya kawaida. Lakini jicho ni kipimo kibovu cha damu: kadiri inavyotoka nyingi, ndivyo linavyozidi kuipunja hesabu.

Na muda ni mfupi. Mwishoni mwa ujauzito, nusu lita ya damu au zaidi hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, huacha mishipa ikiwa wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba wenyewe: nyuzi zake zimepishana kama mkeka uliosukwa, nazo zikijikaza huibana mishipa iliyopita katikati yake. Misuli ikilegea, damu humwagika. Ulegevu huo ndio chanzo cha takriban visa saba kati ya kumi. Vingine hutokana na kuchanika kwa njia ya uzazi, mabaki ya kondo, au damu kushindwa kuganda. Kila mwaka makumi ya maelfu ya wanawake duniani hufa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, wengi wao katika nchi maskini.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliohusisha zaidi ya wanawake 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Kifaa chake kikuu kilikuwa mfuko wa plastiki unaotandikwa chini ya makalio ya mama, ukakinga damu na kuonyesha kiasi chake kwa mistari. Ikifika mililita 500, au 300 huku mapigo ya moyo au shinikizo la damu vikiashiria hatari, mkunga hasubiri. Anaukanda mji wa mimba, anatoa dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, na dripu, kisha anakagua damu inatoka wapi. Yote kwa mkupuo, badala ya kujaribu moja na kungoja.

Katika huduma ya kawaida, karibu nusu ya visa havikutambuliwa. Penye mfuko, visa 93 kati ya 100 vilitambuliwa, na madhara makubwa ya kutokwa na damu yakapungua kwa asilimia 60.

Hata hivyo, mfuko hauponyi. Unaita tiba, na tiba hazipatikani sawa kila mahali. Oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme ukikatika na friji ikapata joto, dawa inaweza kupoteza nguvu ndani ya chupa ileile inayoonekana nzima. Ndiyo maana kuna kabetosini inayostahimili joto, ya kuzuia damu isizidi, na vidonge vya misoprostoli visivyohitaji friji. Asidi ya traneksamiki nayo ina saa yake: itolewe ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue, na mapema ndiyo bora.

Dawa zikishindwa, huhitajika mikono na ubunifu. Huko Dhaka, daktari Sayeba Akhter alifunga kondomu kwenye mpira wa mkojo, akaijaza maji ndani ya mji wa mimba ili iikandamize mishipa kutoka ndani. Rwanda, tangu 2016, hupeleka damu kwa ndege zisizo na rubani hadi hospitali za vilimani. Hospitali kubwa ina chumba cha upasuaji na benki ya damu hatua chache tu kutoka leba.

Kituo cha kijijini hakina hayo, na kwa hiyo ndicho kinachohitaji kipimo zaidi. Gari la wagonjwa lililoitwa damu ilipogusa mstari wa 300 linambeba mama anayeweza kujibu akiulizwa jina. Lililoitwa baada ya kanga kulowa chepechepe linambeba aliyekwisha kunyamaza, na barabara ni ileile.